Matembezi ya jaji, Mombasa: nyota nne, ya tano nimeikata kwa sababu ya jua

Kwanza niseme mi si mtu wa kuandika rivyu. Nikila mahali pakiwa pazuri narudi, pakiwa pabaya sirudi, yamekwisha. Lakini hii watu watatu wameniambia niandike manake kila nikikaa na mtu naianza upya, mume wangu kashachoka kusikia jina Hamilton mpaka juzi akaniuliza kwani huyo Hamilton ni nani wako?

Iko hivi. Kuna mzee mmoja hapa Mombasa, karani wa korti mstaafu, anatembeza watu kwa miguu kuanzia bustani ya Treasury Square, mnaenda korti ya zamani, mnaenda Fort Jesus, mnamalizia Mji wa Kale kwenye kahawa. Jina lake silitaji, mwenyewe kakataa, asema wakija wengi magoti hayatamruhusu. Shilingi 800 kila kichwa, M-Pesa au mkononi, tiketi ya Fort Jesus mnajilipia wenyewe. Na si yale matembezi ya "hapa Vasco da Gama, pale mlango wa Lamu, nunueni vikoi". Yeye ana mada moja tu, maisha ya kazi ya jaji mmoja wa Kizungu wa enzi zile korti ndo zinaanza, Robert William Hamilton. Masaa manne ya mtu mmoja aliyekufa 1944. Najua mnavyofikiria, nami nilifikiria hivyo hivyo.

Nlienda na mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa pili anasoma sheria Nairobi, alikuwa likizo kwangu na mimi nlikuwa nimechoka kumwona amelala na simu. Yeye ndo alipata habari za huyu mzee kwa mwenzake. Akaniambia shangazi twende, nkamwambia haya, ila nikichoka narudi na tuktuk nakuacha huko huko.

Mwaka jana wageni wangu walitembezwa na mtu mwingine pale pale, yeye alichukua 1,500 kwa kila mtu na kati ya maneno aliyowaambia nusu alikuwa anayatunga akiwa anatembea, nlikuwa namsikia hivi. Kwa hivyo nlikwenda nimejiandaa kubishana.

Mzee tulimkuta chini ya mti saa tatu kamili, kofia ya vito, shati limepigwa pasi, na faili la kamba yale ya maofisini ya zamani, limejaa fotokopi. Hana maikrofoni wala mwavuli wa rangi ule wa kuinua juu. Tulikuwa sita: sisi wawili, mume na mke kutoka Voi, kijana wa Kisauni aliyekuja peke yake, na mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa na daftari. Akatusalimia mmoja mmoja, akauliza kila mtu kwao wapi, mi nkasema Kaloleni, akatikisa kichwa akasema "nawe tutakufikia." Sikumwelewa.

Akaanzia mbali lakini hakukaa sana. Kwamba mwaka 1895 Waingereza wanatangaza himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wao, pwani hii bado ni ya Sultani wa Unguja kwa karatasi, wao wamepangisha tu. Kwa hivyo korti zikawa nyingi kama wachuuzi wa Marikiti. Kuna kadhi, kuna liwali, kuna mudiri, kuna mabaraza ya wazee, halafu juu yao korti ya Mfalme wa Uingereza. Na korti hiyo ya Mfalme haikutumia sheria za Uingereza zote, ilitumia sheria zilizoletwa kutoka India, ile kanuni ya adhabu ya India ilitumika Kenya mpaka 1930! Hiyo mi sikuwa naijua. Mtoto wa kaka alikuwa anaijua, akaanza kueleza na mzee akamwacha aeleze, akamsahihisha mahali pamoja tu kwa upole. Nlimpenda hapo.

1902 ndo inaundwa Mahakama Kuu ya hiyo himaya, na mwaka huo huo jengo la korti linajengwa hapa Mombasa, ndo hilo wanaloliita Old Law Court, liko hatua chache tu kutoka Fort Jesus, siku hizi liko chini ya makumbusho. Mkisimama pale mzee anawageuza uso muitazame ngome. Anawauliza: ngome ile ilikuwa nini wakati huo? Kila mtu anasema Wareno, Wareno. Anasema hapana, Wareno ni 1593, mimi nauliza wakati wa korti hii. Ilikuwa jela. Kuanzia 1895 mpaka 1958 Fort Jesus ilikuwa jela ya serikali. Kwa hivyo mtu anahukumiwa hapa, anavuka hapo, anaingia pale. Akanyamaza akatuacha tupime ule umbali kwa macho. Mi nimezaliwa pwani hii, Fort Jesus nimeingia na shule, nimeingia na wageni, nimepiga picha ya harusi pale nje, na sijawahi kuupima huo umbali hata siku moja.

Sasa Hamilton. Kazaliwa 1867, kasoma Cambridge, wakili. Mwaka 1905 ndo anakuwa jaji wa juu kabisa wa himaya, umri miaka 38, na mwaka huo huo makao ya Mahakama Kuu yanahamishwa Nairobi kufuata reli na kufuata walowezi. Akakaa kwenye kiti hicho mpaka 1920, miaka 15, na katikati 1918 akapewa usir, akawa Sir Robert. Mzee anasema hivi, na hii ndo sababu namwita mzuri kwenye kazi yake, anasema: "Msimwone kama yule mzungu wa sinema anapiga watu viboko. Huyu alikuwa mtu wa kusoma, mtaratibu. Huyu ndo hatari zaidi kwa sababu alikuwa anaandika." Na kweli aliandika, yeye ndiye aliyekusanya zile ripoti za kwanza za kesi za himaya, juzuu la kwanza linaanzia 1897 mpaka 1905. Bila yeye hizo kesi za mwanzo leo zingekuwa uvumi tu. Mzee akatoa fotokopi zake akazipitisha, karatasi zimeshakuwa laini kama kitambaa.

Halafu tukaenda kukaa kivulini manake yule mama mwalimu alisema miguu. (Hapa ndo nyota inakatika. Saa tano ya Mombasa, mwezi wa pili, mzee hajabeba maji wala hakuambia mtu abebe maji. Mi nlikuwa na chupa moja tukagawana na watu wa Voi ambao sikuwajua. Kama unaenda beba maji lita nzima na kofia, na vaa viatu vya kutembea si vile nlivyovaa mimi.)

Pale kivulini ndo akatupa kesi ya Amkeyo, na kwa hiyo kesi peke yake ile 800 yangu ilikuwa imerudi.

Mwaka 1917. Amkeyo ni mshtakiwa, kesi yenyewe ndogo tu, mali ya wizi. Shahidi mkubwa dhidi yake ni mwanamke, na mwanamke huyo ni mke wake, kamwoa kimila. Sasa ile sheria ya ushahidi iliyotoka India inalinda siri za mume na mke, mambo waliyoambiana ndani ya ndoa hayaburutwi tu kortini. Kwa hivyo swali likawa, huyu ni mke au si mke? Likafika kwa Hamilton. Na Hamilton akasema si mke. Mzee akasoma kwa Kiingereza polepole halafu akatupa kwa Kiswahili, nami nakupa vile nlivyoshika: kwamba kutumia neno ndoa kwa uhusiano anaoingia Mwafrika na mwanamke wa kabila lake kwa mila ni kukosea jina, na kosa hilo limechanganya watu akili huko nyuma. Kwamba yeye mwenyewe hajui neno linaloeleza jambo hili sawasawa. "Kununua mke" si neno zuri sana, asema, lakini liko karibu zaidi na maana kuliko neno ndoa kama wanavyolielewa watu waliostaarabika.

Kimya. Yule mume wa Voi alikuwa amemshika mkewe mkono, sijui kama alijua amemshika.

Mi nkakumbuka nyanya yangu. Kaloleni, kaolewa kimila, mahari ilitoka, mnazi ukanywewa, wazee wa pande mbili wakakaa, akazaa watoto tisa na akamzika mumewe kwa mikono yake. Alipokufa alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Kwa hiyo karatasi ya Hamilton, nyanya alikuwa bidhaa. Nkamwangalia mzee na yeye alikuwa ananiangalia, akasema "nimekwambia nawe tutakufikia, mwanangu."

Mtoto wa kaka ndo akauliza swali zuri, akasema lakini mzee, yeye mwenyewe amesema hajui neno. Kwa nini hakuuliza? Mzee akacheka kicheko cha makohozi kile, akaanza kuhesabu vidole: Waswahili wasema mke, Wagiriama wasema muche, Wakikuyu wasema mutumia, Wajaluo wasema dhako. Maneno yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni kwake, na kwenye korti yake kulikuwa na wakalimani wa kila lugha wamesimama pale wanalipwa mshahara. Kasema jaji hakukosa neno, alikosa wa kumuuliza, kwa sababu kumuuliza mkalimani ni kukubali kwamba mkalimani anajua kitu.

Sasa hapo mi nabishana naye kidogo, na nlibishana naye palepale. Nadhani Hamilton alijua vizuri sana. Sheria aliyokuwa anaitumia ilitungwa ikiwa na mume mmoja na mke mmoja kichwani, ndoa ya wake wengi iliwapiga chenga majaji wa Kiingereza hata kwao, si huku tu. Angesema huyu ni mke, maelfu ya mashahidi wanawake wangeanza kuwekewa pingamizi kwenye kila kesi. Ilikuwa njia rahisi ya kuendesha korti, ila akaivalisha dharau. Mzee akakubali nusu. Akasema "basi angeishia hapo kwenye urahisi. Ile sentensi ya pili nani alimwomba?" Nikakosa jibu, na mpaka leo sijalipata.

Halafu kuna hili la Waislamu ambalo yule kijana wa Kisauni ndo alilileta. Kwa pwani tayari kulikuwa na sheria ya 1906 ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu, kwa hivyo jirani wa nyanya yangu aliyeolewa kwa nikaha alikuwa na karatasi ya serikali, na nyanya hana. Nyumba mbili, ua mmoja, wanakopeshana chumvi. Mmoja mke, mwingine hajulikani ni nani. Mzee akasema ndio, na wengine walisilimu kwa mambo madogo kuliko hilo, halafu hakuendelea, na nlitamani aendelee.

Imechukua muda kufutika. Kule Tanganyika kulikuwa na kesi ya Mawji iliyofika mpaka Baraza la Kifalme kule London, ndo korti ya mwisho ya rufaa za makoloni, 1957, hapo majaji wakakubali kwamba mume na mke hawawezi kushtakiwa kwa kula njama wao kwa wao hata kama ndoa yao ni ya aina inayoruhusu wake wengi. Na Kenya, sheria ya ushahidi ya 1963 ikaandika wazi kabisa kwamba mume na mke ni pamoja na wa ndoa ya kimila. Kwa hivyo Amkeyo alihitaji kungoja miaka 46 mkewe awe mke. Mtoto wa kaka akasema shuleni walisomeshwa Amkeyo kwa dakika kama kumi, jina la kesi na kanuni, basi, na sentensi ile mwalimu aliipitia haraka. Mzee akampa fotokopi abaki nayo.

Fort Jesus tuliipita haraka, tiketi, uani, mzee akaonyesha tu akasema jela ilikuwa humu humu. Haya. Wale wa kutaka mizinga na vyungu waende siku nyingine na mtu mwingine, yeye hana habari navyo kabisa, mke wa Voi aliuliza kuhusu mchoro mmoja ukutani akajibiwa "huo si wangu." Kama una watoto wadogo usiwapeleke, watalia.

Kwenye baraza karibu na bahari ndo akatoa ya Wamaasai. 1904 Waingereza wanaandikishana mkataba na Wamaasai, wahame Bonde la Ufa wapewe maeneo mawili, moja Laikipia, na mkataba unasema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. 1911 mkataba mwingine, watoke Laikipia waende kusini, walowezi wanaitaka. Ole Njogo na wenzake wakatafuta wakili wa Mombasa wakaenda kortini, 1913, wakiishtaki serikali. Fikiria hiyo, Wamaasai wa 1913 na wakili! Mahakama Kuu, ile ile iliyokuwa chini ya Hamilton, ikaitupa, na rufaa ikasikizwa hapa Mombasa mwezi wa Disemba ikatupwa pia. Sababu? Wamaasai si raia wa Mfalme, wao ni kama dola ya kigeni, na mikataba kati ya dola na dola haichunguzwi na korti za ndani.

Mzee akainua zile karatasi mbili, moja mkono huu moja mkono huu. Hapa Wamaasai ni dola kamili, wanaandikiana mikataba na Mfalme wa Uingereza. Hapa Amkeyo hana hata mke. Miaka minne tu katikati. Yule kijana wa Kisauni akasema "aah, wallahi hawa watu", akasimama akaenda akatembea kidogo akarudi.

Mzee pia akakumbusha kwamba kulikuwa na watu ambao korti hawakuiona kabisa. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, kakamatwa 1913 kapelekwa Kisii, mamia ya kilomita, kwa amri ya watawala tu, hakuna jaji, hakuna wakili. Na upande wa pili wazungu walikuwa na jopo la raia wenzao wa kuwahukumu, Mwafrika hana. 1911 Galbraith Cole, mlowezi wa bondeni, kampiga risasi mtu aliyemshuku kuiba kondoo, akafa, jopo la walowezi wenzake likamwachilia. Serikali ikaona aibu ikamfukuza nchini kwa amri, baada ya miaka akarudi. Akasema msidhani jaji alikuwa Mungu humo ndani, kuna siku jopo lilimfunga mikono na kuna siku gavana alimpita mlangoni.

Hapa kwa walowezi alipita mbio mbio, nadhani alikuwa ameona tumechoka.

Tukaingia Mji wa Kale kwa kahawa. Kahawa chungu na kashata, iko ndani ya ile 800, na nikwambie kashata ya pale ni ya nazi ya kweli si sukari ya rangi. Kahawa ilikuwa moto vizuri, ya tangawizi, vikombe vidogo vile, mi nlikunywa vinne na hakuna aliyehesabu. Mahamri na mbaazi yalikuwepo, hayo unajilipia, yalikuwa ya asubuhi yamekauka kidogo. Usinunue. Hapo ndo mzee anamalizia maisha ya jaji akiwa amekaa, kofia kaivua, na ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote baada ya Amkeyo.

Manake unadhani mtu kama huyo atastaafu akalime waridi. Hapana. 1920, mwaka Kenya inakuwa koloni, anaondoka, kiti kinachukuliwa na Jacob Barth, na Barth ndiye aliyekuja kutoa ile hukumu ya Isaka Wainaina ya kwamba Waafrika ni wapangaji tu wa Mfalme kwenye ardhi zao, wanakaa kwa hisani. Na mwaka huo huo wa 1920, Hamilton anachapisha makala, kwenye jarida la wasomi kule London, kuhusu nini? Kuhusu umiliki wa ardhi wa Wanyika wa Afrika Mashariki. Wanyika! Yaani sisi. Nyanya yangu na wazee wake. Jina lenyewe ni la kutudharau, watu wa porini, siku hizi tunasema Mijikenda. Lakini mtu alikaa akaandika makala nzima juu ya vile wazee wetu walivyokuwa wanashika ardhi, mtu yule yule. Kwa hivyo alikuwa anauliza watu. Akitaka alikuwa anauliza! Nkamwambia mzee unaona, nlikwambia alijua. Akasema "kwenye shamba aliuliza, kwenye nyumba hakuuliza", akanywa kahawa yake.

Halafu 1922 akagombea ubunge kwao kwa chama cha Liberal, akawa mbunge wa visiwa vya Orkney na Shetland, huko kaskazini kabisa ya Scotland ambako wavuvi na kondoo, na akashika kiti mpaka 1935. Bungeni alikuwa anasimama mara kwa mara kuzungumzia Kenya. Na 1931 wakampa unaibu waziri wa makoloni. Mwaka mmoja tu, chama chake kilipojitoa serikalini 1932 naye akatoka. Yaani ukiipanga kazi ya huyu mtu: Mombasa, Nairobi, London, na kila kituo kuna mtu mweusi upande wa pili wa meza anayesubiri yeye aseme hiki kinaitwaje.

Yule mama mwalimu akauliza swali la mwisho, je aliwahi kuijutia ile sentensi ya Amkeyo? Mzee akafunga kamba ya faili. Kasema yeye ni karani, karani anasoma kilichoandikwa.

Sasa mambo ya mkoba. Kaambia watu masaa mawili, sisi tulimaliza saa saba na dakika kumi, kwa hivyo usipange kitu mchana huo. Choo hakuna njiani mpaka Fort Jesus, kwa hivyo kunywa maji lakini kwa akili. Anaongea kwa sauti ya chini na barabarani matatu zikipita unapoteza maneno, kaa karibu naye, usiwe nyuma na simu. Maneno ya sheria ya Kiingereza huwa anayaachia tu kama sisi sote tumekaa kortini miaka thelathini, lazima umsimamishe umuulize, na ukimuuliza hakasiriki, anafurahi. Fotokopi anauza kurasa kwa shilingi kumi kumi, hailazimishwi. Wanafunzi anachukua 400 lakini hasemi mpaka umuulize, mtoto wa kaka alilipa 800 nzima na akasema haidai.

Tukirudi kwenye tuktuk mtoto kanyamaza njia nzima, nkamuuliza nini, akasema shangazi, kwani mama na baba walifunga ndoa wapi? Nkamwambia kaka yangu? Kwa mila, Kaloleni, mimi ndo nlibeba kitambaa. Akauliza wana cheti? Nkamwambia siku hizi kimila pia kinaandikishwa tangu sheria ya ndoa ya 2014, ila wao hawajaenda. Basi akatoa simu akampigia mamake, tukiwa bado Nyali Bridge, kelele za upepo, nasikia tu wifi yangu akisema upande wa pili "cheti cha nini mwanangu, kwani nimefanya nini?"

Ukimtaka mzee hana ukurasa wala WhatsApp. Nenda Treasury Square Jumamosi kabla ya saa tatu, tafuta kofia na faili la kamba. Akiwa hayupo atakuwa ameenda kwa daktari wa magoti, rudi wiki ijayo.